Pasi, Jiko na Mvua ya Saa Tisa: Mwongozo wa Nyumba Wakati wa Baridi Kakamega

Kakamega haijui theluji. Baridi yetu ni ya maji. Mvua huanza Machi na kutusindikiza karibu hadi mwisho wa mwaka, na kati ya Juni na Agosti ubaridi huzidi hata nguo zikakataa kukauka. Asubuhi jua hutoka, watu wakafua, wakatandaza mahindi uani. Ikikaribia saa tisa mchana wingu linajikusanya upande wa Nandi, ngurumo ya kwanza inasikika, na kila mtu anatimka. Huyu anaanua nguo, yule anakokota turubai, mwingine anaita ndama. Katikati ya kukurukakara hiyo stima inapotea.

Katika dakika kumi hivi za kukurukakara hiyo ndipo maharagwe huungua, pasi ikasahaulika kwenye soketi na mfereji ukaachwa wazi. Halafu usiku unaingia na jiko la makaa linaletwa ndani. Mwongozo huu ni wa dakika hizo kumi na wa usiku unaozifuata.

KWANZA, KWA NINI TUNASAHAU

Kusahau kwa namna hii si uzee wala uzembe, na kumkaripia dada wa kazi hakutasaidia. Kazi iliyokatizwa katikati haina mtu wa kuidai. Ulikuwa unapiga pasi, stima ikapotea, ukaweka pasi chini na kushika jambo lingine. Kichwani mwako kazi ya pasi imekwisha, lakini kwenye soketi bado ipo. Stima ikirudi saa tano usiku, pasi inaendelea pale ilipoachia, juu ya shati.

Baridi nayo huongeza mzigo. Milango imefungwa, kazi za nje zimehamia ndani, watoto wako nyumbani kwa likizo ya Agosti, na taa ni hafifu. Watu sita chumbani, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyezima.

Kwa hiyo usikitegemee kichwa peke yake. Panga nyumba ikukumbushe. Kuna mbinu tatu, na zote ni za bure.

1. Kitu chenyewe kikudai. Dawa ya asubuhi iwe juu ya kikombe cha chai, si kabatini. Barua ya kupeleka mjini iwe ndani ya kiatu utakachovaa.

2. Funga kazi kwenye tukio, si kwenye nia. "Nitakumbuka kuchomoa televisheni" ni nia tu. "Nikisikia ngurumo, nachomoa televisheni" ni mpango. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer alichunguza jambo hili miaka ya 1990, akaonyesha kwamba anayejipangia "likitokea hili, nitafanya lile" hutimiza kuliko anayesema tu kwamba atajitahidi.

3. Nyoosha kidole na utamke. Wafanyakazi wa reli nchini Japani hufanya hivi kazini kila siku: huelekeza kidole kwenye taa au swichi na kusema kwa sauti wanachokiona. Wewe nawe, ukitoka nyumbani, onyesha jiko useme "limezimwa", onyesha mlango useme "umefungwa". Watoto watakucheka siku ya kwanza. Wiki ya pili watakuwa wanakuiga, na ukifika stendi ya matatu hutarudi mbio kuhakikisha.

NGURUMO YA KWANZA

Unyevu wa Ziwa Victoria hupanda hadi kwenye miinuko yetu na kugeuka mawingu mazito ya alasiri. Ndiyo maana Kakamega ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazosumbuliwa sana na radi. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu. Ukiona mmweko, anza kuhesabu. Ukisikia ngurumo kabla ya kufika 30, radi iko ndani ya kilomita kumi nawe, na hiyo ni karibu mno.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Ita watoto kwanza. Watoke uwanjani na chini ya miti, hata kama mvua haijadondoka. Anayechunga ng'ombe aache kamba aingie ndani.

2. Tazama motoni kabla ya kutazama kambani. Punguza moto au epua. Shati likilowa litakauka kesho.

3. Chomoa televisheni, redio, friji na chaja kwenye soketi, pamoja na waya wa antena. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, maana radi huvuka mwanya wa swichi bila shida.

4. Anua mahindi, kisha nguo.

5. Ngurumo ikishakaribia, acha yote. Usishike waya, usioge, usioshe vyombo mferejini, wala usisimame ukiegemea mlango wa chuma au nguzo ya baraza. Kama hukuwahi kuchomoa televisheni, iache ilivyo. Ni heri kununua televisheni nyingine.

6. Baada ya ngurumo ya mwisho, ngoja dakika 30 kabla ya kutoka. Wengi hupatwa mvua inapoanza au inapokatika, wakidhani hatari imepita.

Wapo wanaofunika kioo kwa shuka na kuvua nguo nyekundu. Hilo halina madhara, ila halizuii kitu, na muda wa kutafuta shuka ungetosha kuchomoa friji.

STIMA IKIPOTEA

Kosa la kawaida ni kukimbilia tochi. Kabla hujasogea, simama hapo ulipo ujiulize: ni nini kilikuwa kinawaka? Kitaje kwa sauti. Pasi. Birika. Koili ya kuchemshia maji kwenye ndoo. Shawa. Orodha hiyo unaikumbuka vizuri sekunde ile ya kwanza, na baada ya dakika tano umeisahau.

1. Zima na uchomoe vyote ulivyovitaja. Koili ichomolewe kwenye soketi kabla hujaitoa ndani ya maji, na mtu asitie mkono kwenye ndoo kupima joto ikiwa imechomekwa.

2. Simamisha pasi kwa makalio yake juu ya sakafu ya saruji, si kitandani, hata kama unaamini imepoa.

3. Acha balbu moja tu ikiwa imewashwa. Hiyo ndiyo itakayokuambia kwamba stima imerudi.

4. Zungukia mifereji. Stima ikipotea pampu husimama, maji hukatika, mtu hufungua mfereji, anaona hakuna kitu, anaondoka. Maji yakirudi usiku, sebule inaogelea. Ukifungua ukakuta pakavu, funga papo hapo, kabla hata hujalalamika.

5. Stima ikirudi, ngoja dakika kumi. Nguvu yake hupanda na kushuka mwanzoni. Rudisha taa kwanza, friji mwisho.

Kuhusu mshumaa: usimamishe ndani ya bakuli la mchanga, si juu ya televisheni, si juu ya kifuniko cha ndoo, wala si karibu na pazia. Mshumaa haulali na watoto chumbani. Afadhali taa ndogo ya sola, ingawa nayo ina ugonjwa wake: husahaulika kuanikwa asubuhi, na ikihitajika jioni imekufa. Ifunge kwenye tukio kama tulivyosema. Anayefungua kuku ndiye anayetoa taa nje, na anayefungia kuku ndiye anayeiingiza na kuitundika kwenye msumari wake, msumari uleule kila siku.

Angalia pia kama majirani wana taa. Mara nyingine stima haijapotea, ni tokeni zimeisha. Namba ya tokeni ina tarakimu 20, na kuisoma kutoka kwa simu yenye chaji ya mwisho, gizani, ukibonyeza mita, ni kazi ya kukosea. Iandike kwenye karatasi, igawe katika mafungu ya nne nne, ndipo uibonyeze. Usifute ujumbe huo kabla mita haijakubali.

TAHADHARI: MAFUTA YA TAA
Wanaotumia koroboi mara nyingi huweka mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Gizani mtoto haoni tofauti, na mtu mzima mwenye kiu vilevile. Weka mafuta kwenye kopo ambalo halijawahi kuwa la kinywaji, juu ya kabati. Mtoto akinywa, usimtapishe na usimpe maziwa wala mafuta ya kupikia. Mafuta ya taa yakipanda tena huingia mapafuni, na huko ndiko huharibu zaidi. Mpeleke hospitalini pamoja na kopo lenyewe.

JIKO LA MAKAA

Makosa mengine humu yatakugharimu sufuria au shati. Hili la kulala na jiko ndani linachukua familia nzima kwa usiku mmoja, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Makaa yakiungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikohozi. Moshi ungekuonya. Gesi hii inakulaza zaidi. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni, na inashika kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka, lakini haipeleki kile ambacho ubongo na moyo vinangoja.

Utasikia watu wakisema: "Makaa yameshika vizuri, hayana moshi tena, sasa yaingie ndani." Hapo ndipo penye mtego. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo hasa yanayotoa gesi hii. Jiko lililofunikwa majivu ili moto ufike asubuhi linaitoa pia. Kuweka beseni la maji kando ya jiko hakuipunguzi. Na kwa sababu ya baridi tunaziba mwanya chini ya mlango kwa gunia, tukiziba njia pekee ambayo hewa ilikuwa imebakiza.

Nyumba ya nyasi ya zamani ilipitisha hewa kila upande. Chumba cha kupanga cha matofali, chenye dirisha moja la kioo na mlango wa chuma, hakipitishi. Vyumba vya namna hiyo vimejaa mjini, Lurambi, na kuzunguka Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na mpangaji hupika, husoma na hulala mahali pamoja. Wanafunzi hasa nawaomba wasome sehemu hii mara mbili.

Kuna jambo jingine linaloifanya hatari hii ihusike na kusahau. Gesi huanza na akili. Anayepata sumu hii huchanganyikiwa, miguu ikalegea, na wazo la kufungua mlango lisimjie. Usijiambie kwamba ukijisikia vibaya utatoka. Uamuzi ufanywe mapema, ungali na akili zako.

1. Washa jiko nje. Siku zote.

2. Likilazimika kuingia kwa ajili ya kupika, mlango na dirisha viwe wazi hadi litoke. Ndiyo, baridi itaingia.

3. Mtu mzima mmoja atajwe kwa jina kuwa mwenye jiko usiku huo. Jiko la wote halitolewi na mtu.

4. Weka sheria moja ya nyumba: neti haishuki kabla jiko halijatoka. Neti ni jambo mnalolifanya kila usiku, na msimu wa mvua mbu hawana likizo. Mtoto wa miaka sita anaweza kuilinda sheria hii, na ataifurahia, kwa kuwa inampa ruhusa ya kuwauliza wazazi.

5. Unaogopa jiko kuibwa nje? Hofu hiyo ni ya kweli na ndiyo inayowarudisha wengi ndani. Mwaga makaa nje kwenye mchanga au karai kuukuu, yamwagie maji hadi yakome kabisa kutoa mvuke, ngoja jiko lipoe, ndipo uliingize tupu. Makaa hayo utayaanika kesho.

6. Tafuta joto kwingine. Uji wa moto kabla ya kulala, chai ya tangawizi, soksi, kofia, blanketi chini ya mwili na si juu peke yake. Chupa ya maji ya moto husaidia mno, lakini iwe ya kazi hiyo. Ya plastiki ya soda hujikunja ikipata maji yanayochemka, kwa hiyo kama huna nyingine tia maji ya moto ya kuvumilika, funga kwa nguvu, ivishe soksi.

DALILI ZA GESI
Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kukosa nguvu, kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida.

Kwetu dalili hizi huitwa malaria mara moja. Mtu anameza dawa na kurudi kulala katika chumba kilekile. Jiulize maswali mawili. Je, watu wawili au zaidi wameanza kuumwa saa ileile? Je, anayetoka nje anapata nafuu? Kama jibu ni ndiyo, na jiko liko ndani, usingoje kipimo cha malaria.

La kufanya:
• Fungua mlango na madirisha, toa watu nje, hata kwa kuwaburuta.
• Usirudi ndani kuchukua vitu.
• Piga 999 au 112, au tafuta gari upesi.
• Nenda hospitalini hata kama umeshajisikia vizuri. Mwambie daktari neno kwa neno: "Tulikuwa ndani na jiko la makaa."
• Maziwa hayaondoi gesi kwenye damu. Dawa yake ni oksijeni. Aliyezimia asipewe chochote kinywani.

SUFURIA ILIYO MOTONI

Kuna vyakula vinavyokudai na vingine vinavyokuacha usahau. Mrenda uliotiwa munyu (chumvi ya kienyeji) hukudai: ukigeuka tu, povu limepanda, limemwagika, limezima moto. Maharagwe na githeri ndivyo vinavyosahaulisha. Saa ya kwanza unachungulia mara kwa mara. Saa ya pili unaanza kufua. Maji yanakauka polepole, na unakuja kushtuliwa na harufu.

Loweka maharagwe usiku kucha, umwage maji hayo, upike kwa maji mapya. Muda wa motoni utapungua sana, na muda mfupi ni nafasi chache za kusahau. Ukitoka jikoni, toka na mwiko mkononi. Huwezi kukaa sebuleni umeshika mwiko kwa dakika nyingi bila kujiuliza unaufanyia nini. Simu nayo ina alamu. Ipe jina, "maharagwe", kwa maana alamu isiyo na jina huzimwa na mtu asijue ililia kwa ajili gani.

Mafuta yakishika moto kwenye karai, usimwage maji. Maji yatalipuka kuwa mvuke na kurusha mafuta yanayowaka hadi darini. Zima gesi kama unaifikia, funika karai kwa kifuniko au sufuria pana zaidi, uliache limefunikwa hadi lipoe.

AKIUNGUA MTU
Mimina maji safi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20. Saa itazamwe, kwani watu huacha baada ya dakika mbili. Vua pete na bangili kabla hapajavimba. Funika kwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno, yai, unga, samli wala mafuta. Malengelenge yasitobolewe. Mtoto mdogo, au aliyeungua usoni, mikononi au sehemu za siri, au mwenye kidonda kinachozidi kiganja chake, apelekwe hospitalini.

Wenye jiko la gesi: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama sakafuni kama maji yasiyoonekana. Harufu yake imetiwa makusudi ili ikuonye. Ukiisikia usiwashe wala usizime swichi yoyote. Funga mtungi, fungua mlango, toka. Ukibadilisha mtungi wa kilo 6 au wa kilo 13, pakaa povu la sabuni kwenye maungio kabla ya kuwasha. Povu likitoa mapovu makubwa, inavuja. Na usiku funga mtungi wenyewe, si kitufe cha jiko peke yake.

MAHINDI NA NGUO MBICHI

Mahindi yetu ya msimu wa Machi huvunwa Agosti na Septemba, wakati mvua bado inatutembelea. Turubai likisahaulika uani kwa alasiri moja, punje hunyonya maji, na haraka ya kuyaingiza guniani yakiwa na unyevu huleta kuvu. Baadhi ya kuvu hutoa sumu ya aflatoksini, ambayo haionekani kwa macho na haiondolewi kwa kupika. Mwaka 2004 huko Makueni na Kitui watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafariki. Kwa hiyo mahindi yaliyonyeshewa si ajali ndogo hata kidogo.

Yapime kwa chumvi:

1. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa.
2. Tia punje hadi robo ya chupa na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu. Chumvi iliyokaa jikoni wakati wa mvua si kavu, ikaange kwanza.
3. Funga, tikisa vizuri, acha dakika 15.
4. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Ikidondoka chini bila kugandamana, yamekaribia. Yaanike jua la siku moja zaidi, kwani ghala linataka unyevu usiozidi asilimia 13.5.

Usiyamwage juu ya udongo mtupu, na magunia yasigusane na sakafu wala ukuta. Anayetandaza turubai asubuhi ndiye aliyebeba zamu ya kulitazama wingu, hata kama anakwenda sokoni. Kama anakwenda, amkabidhi mtu kwa kinywa: "Mahindi ni yako sasa," na huyo ajibu.

Nguo ni jambo dogo, isipokuwa sare ya shule iliyofuliwa Jumapili jioni. Hiyo hutundikwa juu ya jiko, watu wakalala, ikadondoka. Fua sare Ijumaa mtoto anaporudi. Kamba iwe barazani chini ya mabati, na kama lazima sare ikaushwe karibu na moto, mtu awe macho hapo hadi iondolewe.

FUNGUO, MWAVULI, SIMU

Funguo zina msumari wao, mwavuli una ndoo yake kando ya mlango. Ukiingia kwenye matatu au kupanda bodaboda mvua imekatika, mwavuli utauacha. Uning'inize kwenye kipini cha mkoba, si kwenye kiti. Ufunguo wa akiba uwe kwa jirani unayemwamini, si chini ya kopo la maua, ambako kila mtu huangalia kwanza. Simu iliyolowa izimwe mara moja, isichajiwe kwa siku mbili. Hayo yanatosha.

KABLA YA KULALA
Bandika hii nyuma ya mlango, kwa maandishi makubwa:
□ Jiko limetoka au limemwagwa
□ Mtungi wa gesi umefungwa
□ Pasi na koili vimechomolewa
□ Mifereji imefungwa, hata mikavu
□ Tochi iko kwenye msumari wake
□ Sakafu ya mlangoni imekaushwa, gumbuti ziko pembeni
□ Neti imeshuka

MZEE ALIYE NYUMBANI

Yaliyotangulia ni ya kusahau kwa kawaida. Kwa wazee kuna aina mbili nyingine ambazo haziponi kwa orodha ya mlangoni.

Ya kwanza huja ghafla. Kukhu (bibi) alikuwa mzima jana, leo anaita watu waliokufa, hajui ni asubuhi au jioni. Msimu wa mvua na baridi, huenda ni malaria, nimonia, maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka au kiharusi. Mzee mwenye maambukizi anaweza hata asiwe na joto jingi. Apelekwe hospitalini siku hiyohiyo, usisubiri mvua ikatike.

Ya pili huja polepole kwa miezi. Anauliza jambo lilelile mara nyingi, anapotea njia aliyoipita maisha yake yote, anaweka pesa ndani ya unga na kumshuku mkwe. Huo ni ugonjwa wa ubongo. Si uchawi, si laana, si ukaidi, na kubishana naye mbele ya wajukuu humtia aibu tu. Mpelekeni akapimwe, kwani baadhi ya sababu zinatibika. Nyumbani fanyeni haya:

1. Asiachwe peke yake na jiko, hata kwa dakika chache. Apewe kazi isiyo na moto: kupukuchua mahindi, kuchambua maharagwe, kutenga mboga.

2. Njia ya chooni ni telezi usiku. Mwekeeni ndoo yenye kifuniko chumbani, na tochi iliyofungwa kamba kitandani.

3. Msihamishe vitu vyake. Fimbo, kikombe, redio, kila kimoja kikae pale pale.

4. Dawa zigawiwe na mtu mmoja, na atie alama kwenye kalenda kila anapompa, la sivyo atapewa mara mbili.

5. Shoneni kitambaa ndani ya mfuko wa koti lake chenye namba ya simu ya mtu wa nyumbani, kwa wino usiofutika. Kisha mwende stendi ya bodaboda iliyo karibu, muwaonyeshe vijana picha yake, na muwaombe kwamba wakimwona anaelekea barabara kuu peke yake, wamkalishe kibandani na wapige simu hiyo kabla mvua haijaanza.